Ukoko wa Injini: Zaidi ya Miaka Mia ya Kupigana na Kaboni Iliyoungua

Chukua sufuria uliyopikia wali kisha ukausahau motoni. Chini yake utakuta matabaka mawili. La juu ni ukoko wa kahawia, ule ambao watoto wa nyumba hugombania. La chini kabisa, lililogandana na sufuria, ni jeusi na gumu, na ukilimwagia maji ya moto ni kama umelisalimia tu. Sasa fikiria sufuria hiyo inapikiwa mara elfu tatu kwa dakika, kila siku, kwa miaka. Hiyo ndiyo hali ya kichwa cha pistoni ya bodaboda ya mipigo minne inapozunguka mara 6000 kwa dakika.

Ukienda gereji utasikia kitu hiki kikiitwa kaboni, au masizi. Mimi nitakiita ukoko, kwa sababu masizi ni ile poda laini unayoifuta kwa kidole, na huyu mgeni wetu hafutiki kwa kidole. Anaanza kama mafuta ambayo hayakuungua yote, ya petroli na ya oili. Joto na oksijeni vinayaunganisha molekuli kwa molekuli mpaka yanakuwa gundi, halafu gundi inakauka kuwa vanishi ya kahawia, halafu vanishi inaokwa, haidrojeni inafukuzwa, na kinachobaki ni cheusi na kigumu. Ndani yake mna chembe za masizi, mna majivu ya madini yaliyokuwa kwenye oili kama kalsiamu na zinki, na mna hiyo gundi iliyoshikilia kila kitu. Kwa hiyo ukoko sio kaboni tupu. Naomba ulishike hili, kwa sababu karibu kila mbinu utakayoisoma hapa chini inashambulia gundi. Kaboni yenyewe haiyeyuki kwenye chochote unachoweza kununua dukani.

Kuna jambo lingine la ajabu kidogo: ukoko haukui milele. Kadiri unavyonenepa ndivyo unavyozuia joto lisipite kwenda kwenye chuma, kwa hiyo uso wake unazidi kuwa wa moto, mpaka unafika mahali unajichoma wenyewe. Unene unatulia hapo. Ndio maana injini mbili za aina moja, moja ya mwendo wa polepole mjini na nyingine ya safari ndefu, zikifunguliwa zinaonekana kama hazijuani.

Tundu la Bath

Nikolaus Otto aliunda injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, huko Ujerumani, lakini ile ilikuwa mashine kubwa ya kusimama kiwandani na kula gesi. Hadithi ya injini ndogo inaanzia zaidi mji wa Bath, Uingereza, kwa Joseph Day. Kati ya 1889 na 1891 Day alitengeneza injini ya mipigo miwili inayotumia chumba cha chini ya pistoni kama pampu ya hewa. Halafu mfanyakazi wake, Frederick Cock, akaleta wazo lililoshinda, na hataza yake ni ya 1892: pistoni yenyewe iwe mlinzi wa mlango. Inapopanda na kushuka inafungua na kuziba matundu yaliyotobolewa kwenye ukuta wa silinda. Hakuna valvu, hakuna springi. Vitu vinavyotembea ni vitatu tu: pistoni, mkono wake, na shafti.

Historia inamkumbuka Day. Cock anatajwa pembeni, kama kawaida ya watu wa karakana.

Urahisi huo ulikuwa na bei yake. Chumba cha chini kikishakuwa pampu ya hewa, hakiwezi tena kuwa bwawa la oili, na ndiyo sababu ikaja kuwa kawaida kuchanganya oili ndani ya petroli na kuiacha iungue pamoja nayo. Zamani ilikuwa hata sehemu moja ya oili kwa sehemu 16 za petroli, na ilikuwa oili ileile nzito ya kawaida. Moshi wake ulipita kwenye tundu la kutolea moshi, ukapoa kidogo pale ukutani, na kuacha ukoko. Tundu likaanza kuziba taratibu kama mshipa wa damu wa mtu anayekula chipsi kila siku. Injini haifi. Inachoka tu, inakosa pumzi, inakula mafuta, na mwenye nayo anasema "imezeeka".

Kama una ndugu mvuvi mwenye mashine ya boti ya mipigo miwili, iwe Ziwa Victoria au pwani, anaujua uchovu huo vizuri. Mwenye msumeno wa mnyororo pia anaujua.

Hapa niingize kidogo habari ya nyonyo. Oili bora ya injini za kasi miaka ya 1910 ilikuwa mafuta ya nyonyo, haya haya tunayopaka nywele, kutoka kwenye mmea ambao asili yake ni upande huu wetu wa mashariki mwa Afrika. Kampuni ya C. C. Wakefield iliingiza sokoni oili yake mwaka 1909 na kuipa jina Castrol, kutokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Nyonyo haichanganyiki vizuri na petroli, kwa hiyo petroli haiioshi kutoka kwenye chuma, na inavumilia joto. Lakini ikiungua inaacha vanishi ngumu ya rangi ya asali ambayo ni balaa kuitoa. Wapenzi wa injini ndogo kabisa za ndege za mfano, ambao bado wanatumia nyonyo mpaka leo, huitoa vanishi hiyo kwa kuchemsha vyuma polepole kwa saa nyingi kwenye kipoza-maji cha rejeta, kile chenye glaikoli. Kinafanya kazi. Ila glaikoli ya aina hiyo ni sumu, na sufuria iliyotumika hapo hairudi jikoni tena.

Kukwangua

Mbinu ya kwanza haikuhitaji kemia. Unafungua silinda hedi, unakwangua. Waingereza walikuwa na neno maalumu la kazi hiyo, lenye maana ya "kuondoa koki", koki ikiwa yale makaa magumu yanayobaki makaa ya mawe yakishaokwa. Kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20 hii ilikuwa kazi ya kawaida ya mwenye chombo, kila baada ya maili elfu chache, kama wewe unavyobadilisha oili. Vitabu vya pikipiki viliieleza hatua kwa hatua, na ukivisoma leo unakuta ujuzi ambao mafundi wetu wengi wanao bila kuandikiwa na mtu.

Kwa mfano: usikwangue pistoni ya alumini kwa bisibisi. Tumia kitu laini kuliko alumini au kinachokaribiana nayo, kama mti mgumu, mfupa, au fimbo ya lehemu iliyobondwa ncha. Kwa nini? Kwa sababu kila mkwaruzo unaoacha juu ya pistoni ni mfereji mdogo ambao ukoko wa kesho utaushika kwa mizizi. Kwa ile mifereji ya ringi, chombo bora ni ringi ya zamani iliyovunjika, kwa kuwa upana wake unalingana kabisa na mfereji.

Mfano mwingine ndio ninaoupenda zaidi. Vitabu hivyo vilishauri usisafishe kichwa cha pistoni chote. Acha duara jembamba la ukoko pembezoni kabisa. Kwenye injini iliyotumika sana, duara hilo linasaidia kuziba nafasi ambayo oili ingepandia. Mtu alichukua ringi kuukuu, akaiweka ndani ya silinda juu ya pistoni, ikafunika pembe, kisha akakwangua katikati. Yaani adui anaachwa na kazi ya ulinzi mlangoni.

Oksijeni

Kukwangua kulichukua siku nzima na gasketi mpya. Miaka ya 1910, gereji za Marekani zikapata njia ya mkato, na kama ingekuwa leo ingejaa TikTok. Carl von Linde huko Ujerumani alikuwa amefanikiwa kugeuza hewa kuwa kimiminika kwa wingi mwaka 1895, na miaka michache baadaye akaweza kutenganisha oksijeni humo. Oksijeni ikashuka bei, ikaingia kwenye mitungi ya wachomeleaji. Fundi mmoja au wengi wakajiuliza: kama ukoko unaungua ukiwa na oksijeni ya kutosha, kwa nini tusiuchome humohumo ndani?

Wakafanya hivyo. Unafunga petroli, unatoa plagi, unapandisha pistoni juu ili valvu zifungwe, unadondoshea mafuta ya taa kidogo, unaingiza bomba jembamba la shaba lenye oksijeni, unawasha. Ukoko unawaka na cheche zinaruka kupitia tundu la plagi kama fataki. Cheche zikiisha, umemaliza silinda moja.

Njia hii ilikuwa nzuri kwa pistoni ya chuma cha kusubu, chuma kile kizito kinachovunjika kama chungu. Lakini hapo hapo pistoni zilikuwa zinaanza kubadilika.

Alumini inaingia

Mwaka 1913, W. O. Bentley, ambaye wakati huo alikuwa akiuza magari ya Kifaransa ya DFP jijini London, alitembelea kiwanda huko Ufaransa na kuona juu ya meza kipande cha kukandamizia karatasi chenye umbo la pistoni, kilichotengenezwa kwa alumini. Akaomba watengeneze pistoni za kweli kwa aloi hiyo, asilimia 12 shaba na 88 alumini. Wengi waliamini zitayeyuka. Hazikuyeyuka. Zilikuwa nyepesi na zilitoa joto haraka, na injini ikaweza kuzunguka kwa kasi zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, wazo hilo likaingia kwenye injini za ndege, na baada ya vita likashuka hadi pikipiki.

Kwa msafishaji, hii ilikuwa kama kubadilishiwa sheria za mpira katikati ya mechi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, na aloi za pistoni hupoteza ugumu wake kabla hata hazijakaribia huko. Kuchoma kwa oksijeni kukawa kamari. Na silaha nyingine kubwa ya zama hizo, kostiki soda, ikawa hatari zaidi kuliko ukoko wenyewe.

Kostiki soda unaijua kama umewahi kuhudhuria semina ya kutengeneza sabuni. Inageuza mafuta kuwa sabuni. Kwenye ukoko inafanya jambo la jamaa hiyo: inakula zile sehemu zenye asidi kwenye gundi, inapenya chini, na ukoko unabanduka vipande vipande bila kaboni yenyewe kuyeyuka. Kwa ekzosi ya chuma ya pikipiki ya mipigo miwili, ndoo ya kostiki soda ya moto ilikuwa dawa. Unaiziba upande mmoja, unaijaza, unailaza usiku kucha.

Sasa weka pistoni ya alumini humo. Alumini siku zote imevaa ngozi nyembamba mno ya oksidi, na ndiyo inayoilinda isiliwe na hewa na maji. Kostiki soda inaivua ngozi hiyo. Chuma kikibaki uchi kinaanza kumenyuka:

2Al + 2NaOH + 6H₂O → 2NaAl(OH)₄ + 3H₂

Mapovu unayoyaona ni haidrojeni, gesi inayolipuka. Na pistoni inaliwa mbele ya macho yako, huku ukoko mweusi ukiwa bado unaelea vizuri tu. Mama yako anajua toleo dogo la somo hili: maharage yaliyotiwa magadi hayapikwi kwenye sufuria ya alumini ukitaka sufuria ibaki na rangi yake. Magadi ni mpole sana kuliko kostiki, lakini ni ukoo mmoja.

Nasimama hapa kwa muda kwa sababu kosa hili bado lipo. Kuna video nyingi za "maajabu ya kusafisha injini" zinazoonyesha ndoo, unga mweupe na mapovu, bila kusema kilichomo ni chuma gani. Mapovu yanaonekana kama kazi inafanyika. Inafanyika kweli, ila ni kazi ya kula injini.

Mshukiwa asiye sahihi

Tuingie sehemu ambayo kwangu ndiyo nzito. Miaka ile ya mwanzo, injini zilikuwa zinagonga. Ukipanda mlima ukiongeza moto, unasikia ko-ko-ko kama mtu anapiga silinda kwa nyundo ndogo. Watu wakasema ni kaboni. Walikuwa na ushahidi: ukikwangua ukoko, mara nyingi kugonga kunaisha.

Piga hesabu uone. Chukua injini ya cc 100 yenye mgandamizo wa 9 kwa 1. Pistoni ikiwa juu kabisa, nafasi iliyobaki ni cc 12.5. Ukoko ukijaza cc 1 tu, kama sehemu ya tano ya kijiko cha chai, nafasi inabaki 11.5 na mgandamizo unapanda hadi karibu 9.7. Ongeza na joto ambalo ukoko unalizuia lisitoke. Kwa hiyo ni kweli ukoko unachochea kugonga, na injini ndogo zinaumia zaidi kwa kuwa uso wao ni mkubwa ukilinganisha na ujazo. Lakini injini mpya safi nayo iligonga ukiibana vya kutosha. Kulikuwa na kitu kingine.

Kesi hii ilifunguliwa na injini ndogo. Mwaka 1916 kampuni ya Charles Kettering huko Dayton, Ohio, ilianza kuuza jenereta za mashambani ziitwazo Delco-Light, zenye injini ya silinda moja, inayopozwa kwa hewa, inayotumia mafuta ya taa. Zikagonga vibaya. Kettering, ambaye tayari alikuwa amelaumiwa kwamba mfumo wake wa kuwashia cheche ndio unaogongesha magari, akampa tatizo hilo kijana mmoja mhandisi, Thomas Midgley. Wakati huohuo Uingereza, Harry Ricardo alikuwa anakimbizana na jambo lilelile, na mwaka 1919 akawa na injini ya majaribio ambayo mgandamizo wake ungeweza kubadilishwa ikiwa inatembea. Jibu likawa hili: mwali wa plagi unaposambaa, unasukuma na kupasha mchanganyiko ambao haujafikiwa. Mafuta mabaya yanashindwa kuvumilia na kulipuka yenyewe yote kwa pamoja. Mwenye kosa mkuu ni mafuta. Ukoko ni mshirika wake.

Ricardo alitafuta mafuta bora. Midgley alitafuta dawa ya kutia kwenye mafuta mabaya, na tarehe 9 Desemba 1921 akaipata: tetra-ethili ya risasi. Tone dogo lilitosha. Februari 1923 ikaanza kuuzwa.

Risasi ikiungua inaacha oksidi, na oksidi hiyo ni ukoko mpya, mgumu, unaoua plagi na valvu. Wakabidi waongeze dawa ya pili, dibromoethani, ili risasi igeuke kuwa bromidi inayoruka na kutoka na moshi. Mahitaji ya bromini yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1934 kiwanda kilifunguliwa huko North Carolina cha kuikamua kutoka maji ya bahari. Angalia mantiki yake: tatizo la usafi ndani ya silinda lilitatuliwa kwa kuitupa risasi nje, hewani, wanakopumua watu.

Na haikuwa siri kwamba ni sumu. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa mtambo wa Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kuchanganyikiwa akili, na wengine zaidi ya 30 waliugua. Siku chache baadaye Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa hiyo na kuinusa kuonyesha ni salama. Mwaka mmoja kabla alikuwa amechukua likizo ndefu kujiuguza sumu ya risasi.

Huku kwetu, mwisho ulikuja kwa mkutano wa Dakar mwaka 2001, ambapo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuachana na petroli yenye risasi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, lilisukuma kazi hiyo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ukanda huu ulikuwa umeacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Sasa mfikirie fundi mwenye miaka 55 leo. Alianza kazi miaka ya 1980. Miaka ishirini ya kwanza ya kazi yake, kila hedi aliyoifungua ilikuwa na ukoko wenye risasi ndani. Aliukwangua ukiwa mkavu, akaupuliza kwa mdomo au kwa kompresa, kisha akala chapati. Kwenye vitabu vya historia ya petroli nimekutana na madereva, watoto wa mijini, wanasayansi na makampuni. Huyu mtu wa kukwangua simuoni. Hakuna sababu ya kumsahau, maana vumbi lilianzia puani kwake.

Ndoo zenye harufu

Baada ya kostiki kukataliwa na alumini, kilichobaki kilikuwa vimumunyisho. Mafuta ya taa ndiyo ya zamani na ya bei rahisi: unayajaza kwenye tundu la plagi jioni, asubuhi unawasha, moshi mweupe unatoka. Yanalainisha gundi changa. Ukoko uliookwa hayauwezi.

Kisha zikaja ndoo za kemikali za kuloweka kabureta, zenye dikloromethani na kresoli, na harufu ambayo ukishaipata hutaisahau. Hizi zilikuwa na nguvu kweli. Molekuli ya dikloromethani ni ndogo, inapenya gundi na kuivimbisha mpaka inaachia chuma, na alumini haidhuriki. Lakini inachemka kwenye nyuzi 40 tu, kwa hiyo inajaa hewani chap, na mwili ukiivuta unageuza sehemu yake kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi.

Gereji nyingi za kwetu hazikuwahi kuwa na ndoo hizo. Zilikuwa na petroli kwenye beseni la plastiki, na bado zinayo. Petroli ina benzini, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu, na inapita kwenye ngozi. Zaidi ya hapo, mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya Mbeya, wakati mafuta ya taa yanahitaji kupashwa hadi karibu nyuzi 40. Ukiweza kumshawishi fundi wako abadilishe beseni moja tu, mshawishi hilo.

Sabuni iliyohamia ndani

Mabadiliko makubwa kuliko yote hayakuonekana gereji. Miaka ya 1950 kampuni za mafuta zilianza kutia petrolini molekuli zenye kichwa kinachopenda uchafu na mkia unaopenda mafuta. Ni kanuni ya sabuni. Miaka ya 1960 oili za injini zikapata jamaa zake, zinazozungushia kila chembe ya masizi koti ili zisishikane. Ndiyo sababu oili nzuri inakuwa nyeusi haraka: inafanya kazi. Ukiona mtu anaringa kwamba oili yake imekaa nyeupe miezi minne, muulize uchafu umeenda wapi. Kuanzia 1995 Marekani iliamuru petroli yote iwe na sabuni hiyo.

Kwa mipigo miwili, ukombozi ulikuja na polisobutileni. Sehemu ya oili ile nzito iliondolewa, ikawekwa molekuli ndefu ambayo ikipata joto inafunguka vipande vidogo kama mnyororo unaokatika, na vipande hivyo vinaungua bila kuacha mabaki mengi. Wajapani wakaweka vipimo vya JASO, zile herufi FB, FC na FD unazoziona kwenye chupa, na FD ndiyo yenye masharti makali zaidi ya usafi. Leo sehemu moja kwa 50 inatosha injini nyingi. Anayeongeza oili "ili injini isife" anainunulia ukoko.

Mashine ya mawimbi ya sauti nayo imefika mijini. Mzizi wake ni wa baharini: wahandisi walishangaa kwa nini rafadha za meli za kasi zinaliwa, na mwaka 1917 Lord Rayleigh akapiga hesabu ya shinikizo linalotokea povu linapobomoka ndani ya maji. Ni kubwa mno, kwa sehemu ndogo mno. Mashine ya kusafishia inatengeneza mapovu hayo kwa makusudi, mara nyingi kwa mitetemo 40,000 kwa sekunde. Kwa vijitundu vya kabureta haina mpinzani. Kwa ukoko wa juu ya pistoni, bila maji ya moto na sabuni inayofaa, itakupigia kelele tu.

Kwa hiyo ukiwa na hedi mkononi leo, kinachofaa kwa gereji ya kawaida ni hiki: loweka kwenye mafuta ya taa au dizeli usiku mzima, ukwangue kwa mti mgumu ukiwa bado umelowa ili vumbi lisiruke, vaa glavu, umalizie kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Brashi ya waya ibaki kwenye chuma tu.

Na ukiwa na ekzosi unayotaka kuilaza kwenye kostiki soda, tia soda kwenye maji, usitie maji kwenye soda, vaa miwani, fanyia nje. Kabla ya hapo tafuta sumaku, hata ya spika iliyokufa. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, ichukulie ni alumini, au ni aloi ya zinki kama kabureta nyingi, na zote mbili kostiki inazila. Jaribu kila kipande peke yake, pamoja na ribiti na vifuniko. Na kwa silinda ijaribu nje kwenye mapezi, usiishie ndani: silinda nyingi za pikipiki zina bomba la chuma lililovalishwa koti la alumini, na sumaku ukiiingiza ndani itanasa vizuri kabisa.